Alhamisi za Yusta

Mpendwa pacha wangu Toyi,

Ujumbe wako wa sauti una dakika nne na sekunde kumi na mbili. Nimeusikiliza mara tisa. Mara ya kwanza nilikuwa ufukweni Katonga, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, mikono imelowa, nikaiweka simu spika nikidhani unanisalimia tu. Kwa hiyo wanawake wote wa vichanja vya jirani wakakusikia pamoja nami: "Dada, niletee Yusta huku Mwanza shule zikifungwa. Huku mazoezi ni kila siku, siyo mara moja kwa wiki. Akae na mimi mwaka mmoja tu, utaona atakavyobadilika."

Kisha Mama Jeni, unaujua mdomo wake, akasema, "Haya Bukuru, mtoto anakwenda mjini, wewe unabaki na dagaa wako." Wakacheka. Mimi nikaendelea kuwageuza dagaa.

Ombi lako limesikika hadharani, basi na jibu langu nalitoa hadharani. Wapo pia kina mama wengi wa Kigoma hii, kuanzia Ujiji mpaka Kidahwe, wenye mtoto kama Yusta na ndugu kama wewe. Wasome. Pengine watanielewa kabla yako.

Unakumbuka mama alivyotulea? Bukuru akipewa, Toyi apewe, kilekile, siku ileile. Magauni mawili ya kitambaa kimoja. Samaki wa mgebuka akikatwa, mama anapima kwa macho, na mimi napima tena kwa vidole, wewe unaniambia, "Chukua kikubwa basi, maana utakesha unapima." Yule mzee wa nyumba ya tatu alileta embe moja, mama akamrudisha mlangoni: "Hapa tuna wawili, katafute la pili." Akaenda kweli, akarudi nalo. Nadhani ndiyo maana utotoni sikujua wivu ni nini. Hapakuwa na kitu cha kuonea wivu.

Yusta ndiye wa kwanza kuja mmoja.

Ulikuwepo alipozaliwa, kwa hiyo sikusimulii. Ila wanaosoma hawajui kwamba alichelewa kulia, na kwamba alifika mwaka mmoja na miezi minane hajakaa bila kuegemezwa. Daktari akatuambia ni mtindio wa ubongo, kwamba hakuna dawa ya kumeza, kuna mazoezi, na mazoezi yenyewe ni ya miaka. Baba yake aliposikia neno miaka akavuka ziwa kwenda Kalemie kununua vitenge. Hajamaliza kununua mpaka leo.

Tukakaa wewe na mimi kwenye ngazi ya nyumba ya mama, Buzebazeba, Yusta kalala katikati yetu. Nikapanga kama ninavyopanga kila kitu: mmoja atafute, mmoja apeleke. Mimi nilikuwa nimeanza na ndoo moja ya dagaa ya kukopeshwa na sasa nina vichanja vitatu na wateja wa Kasulu. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne na unasubiri. Kituo cha mazoezi ya watoto kilikuwa kinatupokea Alhamisi. Nikasema, "Toyi, Alhamisi ni zako." Nakumbuka ulivyoitikia haraka, kama mtu aliyepewa zawadi. Sikuitilia maanani ile haraka.

Miaka mitatu. Alhamisi mia moja hamsini na sita. Nimetoa za sikukuu na zile za mvua kubwa, zimebaki mia moja arobaini na moja. Mimi nilikwenda kumi na tatu. Hakuna aliyeniomba hesabu hii, nimeifanya mwenyewe, na nimeirudia nikitumaini nimekosea.

Mara ya kwanza nilikuja bila kukuambia. Nilipanda bodaboda kutoka Katonga, nanuka samaki, nikafika nikakuta benchi limejaa kina mama na watoto mapajani. Nikakuona mwishoni kule, Yusta kakaa katikati ya miguu yako, umemshika nyonga kwa vidole viwili viwili tu, hivi, kama mtu anayeshika yai. Kabla sijakufikia, mtaalamu akachungulia mlangoni akaita, "Mama Yusta!" Ukasimama. Hukusita. Hata Yusta hakusita, alishanyoosha mkono kuelekea mlango.

Najua pale kituoni anayemleta mtoto ndiye anayeitwa kwa jina la mtoto, awe bibi, shangazi au jirani. Hawaulizi nani alizaa. Ulinieleza baadaye, na nimeona kwa macho yangu yule baba wa Gungu anaitwa Mama Hamisi na anaitika. Lakini siku ile niliingia nyuma yenu, mtaalamu, dada Anita, akanipa kiti, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na wewe ni nani yake?"

Ukajibu wewe: "Ni dada yangu."

Kweli, ni dada yako. Nilikaa kwenye kile kiti nusu saa nikiwa dada yako.

Tangu siku ile nikaanza kupokea habari za mwanangu kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Unarudi jioni, unafungua geti, unapiga kelele, "Dada! Kakaa sekunde arobaini bila mkono!" Nami nasema, "Vizuri," na ndani yangu nakuchukia kwa dakika kama mbili. Wiki nyingine: kashika kikombe. Wiki nyingine: kasimama kwenye meza ya kusimamia, ile yenye tundu la kifua na mikanda ambayo fundi wetu alikuja kuiga akatutengenezea ya nyumbani, robo saa nzima bila kulia. Unaigiza alivyocheka, na unaigiza vizuri mpaka mama anashika mbavu. Nilikuwa natazama uso wako nipate uso wa mwanangu.

Neno lake la kwanza lilikuwa Toyi. Nilisema si neno, ni sauti tu, watoto hutoa sauti. Wewe ukanyamaza kwa kunionea huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mama" lilikuja miezi miwili baadaye, nikiwepo, lakini tulikuwa tumesimama wawili mbele yake na mpaka leo sina hakika alikuwa anamtazama nani. Sikuuliza. Ningeuliza, ungesema alikuwa ananitazama mimi, na nisingekuamini.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo hatujawahi kulizungumza.

Unajua sisi wa dagaa tunaishi kwa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, boti zinalala, na mimi nakuwa nyumbani siku saba, nane, mpaka kumi. Nikajiambia, hizi ndizo siku zangu. Ile mbalamwezi ya mwisho kabla ya Pasaka ulikwenda Kasulu kwenye msiba wa rafiki yako, ukaniachia Yusta na karatasi ya mazoezi. Mimi nilichoona kwenye karatasi ni deni. Nikahesabu: kusimama dakika ishirini kwa siku, kunyoosha miguu mara kumi asubuhi na jioni, kugeuka, kufikia vitu. Nikazidisha kwa siku ishirini nilizokosa. Nikagawanya kwa siku saba nilizonazo.

Ndivyo tunavyofanya kwenye vichanja. Mvua ikinyesha siku tatu, jua likitoka unaanika mara tatu, unageuza mara tatu, mzigo unawahi. Sijawahi kupoteza mzigo kwa njia hiyo.

Siku ya kwanza alisimama saa nzima kwenye ile meza. Nilifurahi! Nilimwita mama aje aone. Mama akasema, "Bukuru, mtoto anatetemeka magoti." Nikasema ndiyo misuli inavyojengeka. Siku ya pili asubuhi na mchana. Siku ya tatu alianza kulia nikimsogeza tu karibu na meza. Siku ya nne nilimfunga mikanda akilia, nikamwimbia, nikahesabu kwa sauti mpaka mia sita. Siku ya tano miguu ilikaza kama mti, nikashindwa kuikunja kumvalisha chupi. Siku ya sita wewe ukarudi.

Ulimbeba, ukakaa naye chini, ukamkunja magoti polepole, taratibu sana, ukimpulizia hewa shingoni mpaka akatulia. Mimi nimesimama mlangoni na karatasi yangu. Kisha ukasema bila kuniangalia, "Dada, huyu si dagaa wa kuwahi jua."

Nami nikakujibu. Ulisikia, mama alisikia, na jirani wa upande wa bomba alisikia, maana alizima redio.

"Zaa wako, Toyi. Zaa wako ndipo uje kunifundisha."

Ulikunja kanga ya Yusta. Uliikunja mara nne, kingo kwa kingo, ukaiweka juu ya kiti. Alhamisi iliyofuata ukampeleka kama kawaida. Ilimchukua Yusta wiki sita kukubali tena kuisogelea ile meza, na hizo wiki sita ulizifanya wewe, kwanza kwa kuweka kikombe chake juu yake, kisha kwa kumkalisha pembeni yake, kisha kwa kumwegemeza bila mikanda. Mimi nilikuwa Katonga. Giza lilikuwa zuri mwezi ule.

Kisha huyo mumeo wa Mwanza akaja kuleta posa, na wewe ukakubali upesi. Watu walisema umepata bahati. Mimi peke yangu nilijua kwamba umechoka kuwa mama wa mtoto ambaye aliyemzaa anaweza kukukumbusha kwamba si wako. Kosa hilo ni langu, nalichukua lote, na lile neno nakuomba unisamehe. Nimelisema hapa mbele za watu kwa sababu nililisema mbele za watu.

Lakini Toyi, na wewe una lako. Ulitangaza safari, siku tisa baadaye ukapanda treni. Siku tisa! Miaka mitatu ya kujua ni upande gani wa mdomo anameza vizuri, na kwamba hapendi kushikwa kwapani, na kwamba akikunja kidole gumba ndani ya ngumi ujue amechoka, vyote ukaviandika kwenye karatasi moja ya mistari kumi na moja. Mstari wa kwanza umeandika, "Usiwe na haraka." Nilitaka kuichana. Ulijua watu wenye haraka hawafundishiki kwa mistari kumi na moja. Nikifikiria vibaya, na wivu unanifanya nifikirie vibaya, naona ulitaka nishindwe kidogo.

Basi nilishindwa. Mwezi wa kwanza alikula nusu ya alichokuwa anakula kwako. Alikuwa anatazama mlango nikiwa nimekaa mbele yake na kijiko. Ile kanga yako ya kijani uliyoiacha alikuwa analala nayo usoni, kwa harufu. Siku moja niliichukua nikaifua. Haikuwa chafu. Niliifua kwa sabuni ya mche, nikaisuuza mara tatu, nikaianika juani tangu asubuhi. Nilipompa aliinusa, akaiacha ianguke, akanitazama. Mtoto ambaye hasemi sentensi ana macho ya kusema mengi. Nimefanya mambo mengi maishani ya kupigania nafasi yangu, lakini kushindana na kitambaa ilikuwa mara ya kwanza.

Alhamisi ya kwanza nilimpeleka mwenyewe. Dada Anita akaita "Mama Yusta", nikachelewa kuitika, maana nilikuwa bado nakusubiri usimame. Nikaingia nimebeba daftari. Nikamwambia, "Nipe mazoezi yote kwa idadi, nitayafanya yote." Akalichukua daftari akaliweka dirishani. Akasema, "Leo una zoezi moja. Muite, kisha kaa kimya. Usimsaidie mpaka umehesabu kumi moyoni."

Mimi! Kuhesabu nikadhani ni kazi nyepesi kwangu.

Niliweka kikombe mbele yake nikamwita. Nikafika tatu, mkono wangu ukaenda wenyewe. Dada Anita akasema, "Mama, rudisha mkono." Nikaanza tena. Nikafika nne. Yule baba wa Gungu akacheka kwenye kona yake: "Mama Yusta ana injini, huyo." Nikakalia mikono yangu yote miwili. Saba, bega la Yusta likasogea. Tisa, kiwiko. Kumi ikapita, kumi na moja, kumi na mbili, vidole vikafika kwenye kikombe. Nikatambua kwamba katika ile miaka yote, kila nilipokuwa nyumbani, nilikuwa namchukulia mwanangu vitu kwenye sekunde ya tatu, na yeye alikuwa anavifikia kwenye ya kumi na mbili. Hakuwa anakuchagua wewe, Toyi. Alikuwa anakwenda alikosubiriwa.

Nililia pale. Siyo kwa furaha tu. Nililia kwa sababu wewe ulishaijua hiyo kumi na mbili, na hukunipigia kelele getini kuniambia.

Imetimia miezi mitano. Alhamisi ishirini na mbili, nimekosa moja, nilikuwa na malaria. Dagaa wangu kila Alhamisi wanageuzwa na Mama Jeni, na wakiharibika wanaharibika. Siku za mwezi na siku za giza mazoezi ni yaleyale, dakika zilezile, na akikunja kidole gumba ndani ya ngumi tunaacha. Anakula kwangu. Siyo kama alivyokula kwako, lakini anakula. Anasimama akishika ukingo wa kitanda, na juzi alipiga hatua tatu za pembeni, akafika kona, akakaa chini mwenyewe kwa hasira kwa sababu kitanda kiliisha.

Nimepiga hesabu ya Mwanza pia, usidhani sijaipiga. Mazoezi siku tano kwa wiki badala ya moja. Kuna wa kufundisha kuongea, ambaye huku hatuna. Nilimuuliza dada Anita usoni, "Kule ni bora?" Hakunidanganya. Akasema, "Huduma ni nyingi zaidi. Lakini saa moja ni yetu, zilizobaki ni za nyumbani. Inategemea nyumbani ni wapi." Kwa hiyo sikufichi: kwenye karatasi wewe unanishinda. Una muda, una mikono, una mume asiyekimbia neno miaka. Mtu akiniambia nipige hesabu tu, nitakuletea mtoto kesho.

Jibu ni hapana.

Sina hoja nyingine ya kupanga hapa. Nimemzaa mara moja nikakupa, na sasa nimeanza kumjua. Mwaka mmoja unaoutaka ni Alhamisi hamsini na mbili, na siku nyingine zote mia tatu na kumi na tatu, na akirudi nitakuwa nimekaa tena kwenye kile kiti, naulizwa mimi ni nani yake. Siwezi. Waniite mchoyo. Mama Jeni ameshaniita hivyo. Nikiweza kumleta huko kwa mwezi mmoja kwa huyo wa kufundisha kuongea, nitamleta, tutakaa kwako, na anayeingia naye chumbani ni mimi.

Ningeishia hapa. Barua nilikuwa nimeshaimaliza jana asubuhi.

Lakini jana hiyohiyo, kabla ya saa nne, tulikuwa ukumbini kwa mama. Tangu uondoke dada Anita anasubiri jambo moja kwa Yusta, maneno mawili kwa pamoja. Neno mojamoja analo: maji, hapana, bibi, toa. Kuunganisha, bado. Alikuwa anakunywa uji, kikombe kwa mikono miwili. Akakishusha chini mwenyewe, hakikumwagika. Akatazama mlangoni. Nikaona anatafuta kitu mdomoni, nikanyamaza. Nilifika kumi na tisa, Toyi. Sijawahi kusubiri kitu chochote mpaka kumi na tisa.

Akasema, "Toyi wapi?"

Mama akaacha kuchambua mchele. Hakuna mwingine aliyesikia, ni mimi na mama. Sentensi ya kwanza ya mwanangu, na safari hii nilikuwepo, mbele yake, mikono yangu nimeikalia. Dada Anita leo ameiandika kwenye faili lake, na pale kwenye aliyesikia ameandika mama, yaani mimi. Nilitembea kutoka kituoni mpaka nyumbani kwa miguu, nimembeba mgongoni, sikutaka bodaboda. Njia nzima nilikuwa na furaha na nilikuwa na wivu, na sikuweza kusema kipi kilianza na kipi kiliisha.

Nilimjibu, nisingekaa kimya. Nikamwambia, "Toyi yuko Mwanza." Akanisikiliza mpaka mwisho, akageuza uso, akauuliza tena mlango uleule. Bibi yake akamjibu, akauliza tena. Leo kauliza mara sita.

Jibu langu halimtoshi. Njoo umjibu mwenyewe. Njoo na begi dogo, maana utarudi peke yako.

Akupendaye, na bado ana kinyongo,
Dada yako wa tumbo moja, Bukuru